Dawa za Sonona na Mapigo ya Moyo: Kwa Walioko Jebeli na Walioko Bondeni

Mtu wa Sur, Oman, anayepanda Al Jabal al Akhdar mwezi wa Aprili kufuata marashi, au wakati wa mavuno kufuata komamanga, hufika uwanda wa Saiq, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, akashangaa moyo wake unavyodunda. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, na vijia vya mashamba ya ngazi ya Al Aqr na Ash Shirayjah havina huruma na magoti ya mtu. Akikaa kivulini robo saa moyo unatulia. Hayo si maradhi.

Hali inabadilika ikiwa mtu huyo huyo anameza amitriptilini usiku kwa ajili ya ganzi ya miguu, asubuhi anakunywa kidonge cha presha kinachomkojoza, na juzi kwa kikohozi kapewa azithromaisini. Kila moja ya dawa hizo ni halali, imeandikwa na daktari, na peke yake pengine haina neno. Zikikutana ndani ya mwili mmoja zinaweza kuuvuruga umeme wa moyo. Makutano hayo ndiyo yanayodhuru watu mara nyingi zaidi kuliko dawa yoyote moja ya sonona. Na mgonjwa ana uwezo mkubwa wa kuyazuia, kwa kuwa yeye ndiye anayejua yote yaliyomo kwenye droo ya kitanda chake.

Neno moja kabla ya kwenda mbali. Kama unatumia dawa ya sonona, usiiache leo kwa sababu ya utakayoyasoma hapa. Ukiiacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu, na wengine huhisi kama wamepigwa shoti kichwani. Tena sonona isiyotibiwa nayo ni adui wa moyo: aliyepata shambulio la moyo kisha akaingia kwenye sonona yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko mwenzake aliyepata shambulio hilo bila sonona. Kinachotakiwa ni dawa inayomfaa mtu, kwa kipimo kinachomfaa.

Umeme ukichelewa kutulia

Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme mdogo. Umeme huo ukishapita, misuli ya moyo haiwi tayari papo hapo kwa pigo jengine. Lazima kwanza chembe zake zitoe potasiamu na kurudi katika hali ya kungoja. Zipo dawa zinazoziba vijilango vya kupitishia potasiamu hiyo, na kungoja kukarefuka. Kwenye karatasi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kipindi chote hicho, tangu umeme uingie kwenye vyumba vikubwa vya moyo mpaka viwe tayari tena, huitwa QT.

QT ikirefuka mno, pigo lisilo na wakati wake linaweza kuangukia katikati ya kungoja, na moyo ukaingia katika mbio zinazojisokota kama kamba. Daktari wa Kifaransa François Dessertenne alizieleza mwaka 1966, na jina alilozipa, torsades de pointes, ndilo utakaloliona kwenye ripoti za hospitali hadi leo, Nizwa na kwengineko. Wakati wa mbio hizo damu haifiki kichwani ipasavyo. Mara nyingi zinajikata zenyewe baada ya sekunde kadhaa, na mtu aliyezimia anazinduka akiwa haelewi kilichomwangusha. Zisipojikata, moyo unaweza kusimama.

Hayo hutokea kwa nadra sana, na kwa hiyo watu wengi wanameza dawa hizi miaka na miaka bila kuyaona. Lakini unadra huo unatoweka pale sababu tatu au nne zinapokutana kwa mtu mmoja.

Dawa zenyewe

Majina yake nimeyaandika kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye boksi yatakuwa kwa Kiingereza au Kiarabu, na mfamasia atakusaidia kuyalinganisha.

Kundi la zamani ni la imipramini, ambayo manufaa yake kwa sonona yalitangazwa Uswisi mwaka 1957, pamoja na klomipramini na amitriptilini. Dawa hizi huongeza kasi ya mapigo, hushusha presha ya mtu anaposimama, na juu ya hilo huzuia sodiamu kuingia kwenye chembe za moyo, kwa hiyo umeme unasafiri polepole ndani ya moyo. Kwa mwenye moyo mzima na kipimo kidogo hilo huwa halionekani. Kwa aliyewahi kupata shambulio la moyo, au mwenye hitilafu katika njia za umeme wa moyo, madaktari huziepuka.

Amitriptilini inastahili kusemwa zaidi kwa sababu wengi wanaoitumia hawajui kuwa ni dawa ya sonona. Hupewa wenye kisukari ambao miguu inawawaka moto usiku, wenye kipandauso, na wengine wasiopata usingizi. Bibi akiulizwa hospitali kama anatumia dawa ya maradhi ya nafsi atasema hapana, na atakuwa mkweli kwa anavyojua, na huku amitriptilini imo mkobani mwake. Miligramu 10 au 25 za maumivu ni kipimo kidogo, na wengi hawapati shida nayo. Hofu kubwa ni mtoto. Vidonge vichache tu vya kundi hili vinaweza kumuua mtoto mdogo, na vingi vikimezwa kwa mkupuo humuua mtu mzima kwa kuuvuruga moyo. Nyumba yenye wajukuu dawa hizi zifungiwe kwa ufunguo. Kuziweka juu ya friji hakutoshi. Na kwa mtu aliyewahi kufikiria kujitoa uhai, ni haki ya familia kumwomba daktari dawa ya kundi jengine, au apewe ya siku chache chache. Akizimeza, apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima. Hospitali kuna sodiamu baikaboneti ya kudunga mshipani, na kila saa inayopita ina thamani.

Kundi jipya zaidi kwa jumla ni salama kwa moyo, ila wanandugu wake hawalingani. Sitalopramu na esitalopramu ndizo zinazorefusha QT zaidi. Mwezi Agosti 2011 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kuwa sitalopramu isizidi miligramu 40 kwa siku, baada ya vipimo kuonyesha kuwa QT hurefuka kadiri dozi inavyopanda: wastani wa milisekunde 8.5 kwa miligramu 20, na 18.5 kwa miligramu 60. Machi 2012 ikaongeza kuwa aliyepita miaka 60, mwenye ini bovu, na anayetumia baadhi ya dawa za tumbo, omeprazoli ikiwemo, wasizidi miligramu 20. Waingereza mwishoni mwa 2011 waliweka ukomo kama huo kuanzia miaka 65, na esitalopramu kwa umri huo wakaishusha hadi miligramu 10.

Je, katazo hilo lilikuwa kali kupita kiasi? Wapo madaktari waliosema hivyo. Mwaka 2013 uchunguzi wa ECG za wagonjwa zaidi ya 38,000 wa Marekani ulithibitisha kuwa sitalopramu, esitalopramu na amitriptilini hurefusha QT. Mwaka huo huo uchunguzi mwengine, wa maveterani wa jeshi la nchi hiyo, haukukuta vifo zaidi kwa waliokuwa kwenye dozi kubwa za sitalopramu. Kwa maoni yangu uchunguzi wa pili usimfanye mtu wa miaka 70 kuipuuza dozi. Milisekunde kumi si kitu kwa kijana. Kwa bibi mwenye potasiamu ya chini na dawa nyengine mbili za aina hiyo, zinaweza kuwa ndizo zilizokuwa zikingojwa.

Sertralini ndiyo ambayo madaktari wengi huikimbilia kwa mgonjwa wa moyo. Ilijaribiwa kwa watu 369 waliotoka kupata shambulio la moyo au maumivu makali ya kifua, matokeo yakachapishwa 2002, na haikuonekana kuudhuru moyo. Fluoksetini nayo haina makali kwenye QT, ila hukaa mwilini wiki kadhaa na huzuia ini kuvunja dawa nyengine, kama vile amitriptilini na metoprololi ya presha; ndiyo maana mtu aliyeanza fluoksetini juu ya dawa yake ya presha anaweza kujikuta mapigo yameshuka mno. Venlafaksini hupandisha presha na kasi ya moyo. Basi kwenye baridi ya Saiq, ambako majira ya kipupwe maji huganda nje, anayeitumia asijinunulie vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini. Navyo hupandisha vyote viwili.

Yanayokutana nayo

Potasiamu ndiyo ya kwanza. Hupotea kwa kuharisha, kutapika na kwa vidonge vya kukojoza kama furosemaidi na haidroklorothiazaidi. Hupotea pia kwa vitu ambavyo mzee hataviita dawa akiulizwa. Sanamaki ya kusafishia tumbo, ikinywewa mara kwa mara, hushusha potasiamu. Urukususu ukinywewa kwa wingi hufanya vivyo hivyo, na hupandisha presha. Tende, ndizi na maji ya komamanga huirudisha, lakini mwenye figo mbovu asijijazie kwa kukisia; kwake potasiamu ikizidi ni hatari nyengine kabisa. Kipimo cha damu ndicho kinachosema kweli, na magnesiamu ipimwe pamoja nayo.

Kisha dawa nyengine. Za kuua vijidudu: azithromaisini, klarithromaisini, levofloksasini. Ya fangasi: flukonazoli. Za kichefuchefu: domperidoni na ondansetroni. Ya mwasho: haidroksizini. Ya wagonjwa wa akili: haloperidoli. Zote hizi zinaweza kurefusha QT, na nyingi hutolewa kwa maradhi ya siku tano ambayo hakuna anayeyakumbuka mwezi ukiisha. Omeprazoli haimo kwenye orodha hii kwa kosa hilo. Yake ni kupandisha kiasi cha sitalopramu kwenye damu, na inamezwa siku hizi kama peremende kila baada ya mchele wa nyama. Kompyuta ya kituo cha afya itaonyesha dawa ulizopewa hapo. Ile uliyonunua duka la binafsi Firq, au uliyoletewa na shangazi kutoka Unguja, haimo mpaka uitaje. Njia nyepesi ni kutia kila kitu kwenye mfuko mmoja, na sanamaki pia, ukaumwaga mezani kwa daktari.

Ramadhani ina mambo yake. Dawa nyingi za sonona ni za mara moja kwa siku, kwa hiyo zinaweza kuhamishiwa baada ya futari au wakati wa daku. Daktari aulizwe kabla ya mwezi kuandama, na aliyesahau ya jana asimeze mbili. Anayetumia amitriptilini au trazodoni akiamka kula daku akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika mbili tatu. Presha inayoshuka mtu anaposimama ghafla kizani imevunja nyonga nyingi, na kwa mzee nyonga iliyovunjika ni msiba mkubwa kuliko QT.

La mwisho ni damu ya ukoo. Wapo watu wanaozaliwa na QT ndefu. Mwaka 1957 madaktari wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, waliielezea familia yenye watoto sita, wanne kati yao wakiwa viziwi tangu kuzaliwa na wenye kuzimia. Watatu walikufa ghafla. Aina hii hurithiwa pande zote mbili, kwa mama na kwa baba, kwa hiyo huonekana zaidi penye ndoa za mabinamu, na sisi wa Dakhiliya na Sharqiya tunajijua. Ikiwa ukoo wenu una mtoto aliyezaliwa kiziwi na huzimia, au kijana aliyekufa usingizini au akiogelea bila sababu kujulikana, lisemwe kwa daktari kabla ya dawa ya sonona kuandikwa, hata kama wakubwa hawapendi kulitaja.

Kipimo cha ECG

Hakiumi, na kinapatikana katika hospitali za Nizwa, Ibra na Sur bila kupanda gari kwenda Maskati. Unalala chali, vibandiko sita vinawekwa kifuani na vinne mikononi na miguuni, unaambiwa usiseme wala usitikisike, dakika chache baadaye karatasi imetoka. Mwanamke anayeona haya aombe muuguzi wa kike, na shuka ya kujisitiri ni haki yake.

Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde. Kisanduku kidogo kimoja ni milisekunde 40, kikubwa ni 200. QT ya milisekunde 400 huchukua visanduku vidogo kumi, ya 500 kumi na viwili na nusu. Kati ya mtu wa kurudishwa nyumbani na mtu wa kulazwa pana milimita mbili na nusu za karatasi. Ndiyo maana madaktari hawategemei mashine peke yake, huipima tena kwa jicho, na hurekebisha hesabu kwa kasi ya moyo. Matokeo hayo huitwa QTc. Kwa wanaume hupendelewa isizidi 450 na kwa wanawake 460. Wanawake ndio wanaopatwa zaidi na mbio zile zilizosokotana. Ikipita 500, au ikiongezeka kwa 60 tangu dawa ilipoanza, daktari atapunguza dozi, atabadilisha dawa au atamwita mtaalamu wa moyo.

Kutokana na hapo yanazuka mambo mawili ya kufanya. Kwanza, pumzika kabla ya kupimwa. Hesabu inayotumika sana, ya Bazett ya mwaka 1920, huikuza QTc moyo ukiwa unakwenda mbio, na mtu aliyetoka kupanda ngazi au aliyejaa wasiwasi anaweza kutiwa hofu bure. Pili, ECG ya kabla ya dawa ndiyo yenye thamani kubwa, kwa kuwa ndiyo ya kulinganishia. Ipige picha kwa simu na uihifadhi. Si kila kijana anayeanza sertralini anaihitaji. Aliyepita miaka 65, mwenye maradhi ya moyo, mwenye kuzimia, au anayeanza sitalopramu, esitalopramu au dawa ya kundi la zamani huku ana dawa nyengine za kurefusha QT, aiombe waziwazi.

Kama anayekutafsiria kwa daktari ni mjukuu, mwambie asifupishe. Daktari anahitaji kujua moyo ulianza kwenda mbio ghafla au kidogo kidogo, ukiwa umekaa au unapanda, uliona kiza au la, na ilichukua muda gani. Na kama kuna jambo la nafsi usilotaka mjukuu alisikie, omba mkalimani mwengine. Hospitali ya Al Masarra huko Al Amerat, iliyochukua nafasi ya Ibn Sina mwaka 2013, ni ya maradhi ya nafsi, lakini hakuna haja ya kungoja rufaa ya huko ndipo uulize habari za moyo. Daktari wa kituo chenu anatosha kuanzia.

Wakati wa kutosubiri

Mapigo yanayoongezeka kwa kupanda, kwa kahawa au kwa hofu na kushuka kwa kupumzika yanaweza kungoja miadi. Yasiyongoja ni haya: kuzimia bila dalili ya kukutangulia, hasa ukiwa katika kazi au mbio, moyo unaoanza ghafla kwenda kasi mno pamoja na kiza machoni, maumivu ya kifua, na mtukutiko unaofanana na kifafa kwa mtu asiye na kifafa. Piga 9999.

Jebeli si Maskati. Barabara ya kushukia Birkat al Mawz ni kali, gari lisilo la kuendesha magurudumu yote manne haliruhusiwi kupanda, na kufika Nizwa ni karibu saa moja. Kwa hiyo mtu akianguka, haitikii na hapumui kawaida, asipakiwe garini kwanza. Mmoja apige simu, mwengine aanze kumkandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, sentimita tano hadi sita kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakipokezana mpaka msaada ufike. Akizinduka baada ya kuzimia, apelekwe hospitali hivyo hivyo, na boksi zote za dawa ziende naye. Huko magnesiamu hudungwa mshipani, mara nyingi hata kabla ya majibu ya damu kutoka.

Wasafiri nao wasisahau. Kila likizo familia hushuka Unguja, Pemba, Tanga au Mombasa, na atakayepata malaria atapewa dawa mseto, yenye lumefantrini au amodiakwini, au, ikiwa kali na artesuneti ya sindano haipatikani, kwinini ya sindano. Kwinini hugusa QT waziwazi, na hizo nyengine zinaweza kuigusa. Malaria itibiwe tu, maana inaua haraka kuliko QT, ila anayekutibu ajue kuwa unatumia sitalopramu au amitriptilini ili achague vizuri na akupime ECG pakiwa na mashine. Kabla ya safari andika jina la dawa, dozi na QTc yako ya mwisho kwenye kikaratasi, ukitie ndani ya pasipoti; simu huishiwa chaji njiani.